Darsa ya Ramadhani, Siku ya 18: Gesi Haiishi, Inavuja

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo tumetimiza funga ya 18. Kumi la kwanza lilipita tukiwa bado tunazoea kuamka daku. Kumi la kati ndiyo hili linakatika. Keshokutwa jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Kabla hatujafika huko nataka tuzungumze jambo moja tu, na nitalianzia mahali ambapo huenda hukutarajia: chini ya boneti ya pikapu.

Usicheke. Soma mpaka mwisho kwanza.

*Safari ya Korogwe*

Nina pikapu ya zamani. Ndiyo inayobeba mahindi kutoka shamba, ndiyo inayobeba mifuko ya saruji, na mara moja kila mwezi ndiyo inayompeleka mama yangu kliniki ya presha Korogwe. Kutoka Handeni mjini mpaka Korogwe ni kilomita 65 hivi za lami. Unapita Misima, unapita Sindeni, halafu unaendelea kutelemka kuelekea bonde la Mto Pangani. Kadiri unavyotelemka, joto linapanda. Mnaoijua Korogwe kabla mvua za masika hazijashuka mnajua ninachosema. Hata upepo wa dirishani unakuja kama umetoka jikoni.

Mama umri umekwenda. Hafungi tena, tunamtolea fidia. Tulishaambiwa joto kali si zuri kwake. Kwa hiyo AC ya pikapu ile kwetu si mambo ya kujionyesha, ni sehemu ya dawa ya mama.

AC ilianza kuchoka mwaka juzi. Nikaenda kwa fundi mmoja barabarani. Akafungua boneti, akaunganisha mpira wake, akajaza gesi. Dakika 20 hazikufika, nikalipa, baridi ikarudi. Nikasema alhamdulillah. Ilipopita kama miezi minne upepo ukawa vuguvugu. Nikarudi kwa yuleyule, akajaza tena. Safari hiyo ilidumu miezi miwili. Mara ya tatu haikumaliza hata wiki tatu.

Wiki iliyopita, tukiwa kwenye funga ya 11, nikampeleka mama kliniki kama kawaida. AC inapuliza joto tupu. Mama hakulalamika. Alishika pindo la kanga akawa anajipepea, mkono ulipochoka akauacha mapajani. Mimi nimefunga, koo limekauka, namtazama kwa pembe ya jicho na ninajisikia vibaya.

Tulipomaliza kliniki nikamkodia mama bajaji aende kwa dada yangu, ambaye ameolewa Korogwe hapohapo. Utaniuliza, kwa nini usimpeleke mwenyewe na gari unalo? Swali zuri. Tutafika huko. Mimi nikaulizia fundi wa AC, nikaelekezwa kwa kijana mmoja upande wa Manundu ambaye kazi yake ni hiyo tu.

*Dalili na ugonjwa*

Nikamkuta. Akanipa shikamoo, nikaitikia. Nikamwambia, "Kijana wangu, niongezee gesi, imepungua. Nataka niwahi Handeni kabla ya futari."

Akaniuliza, "Umejuaje kama imepungua, mzee?"

"Si unaona inapuliza joto."

"Hiyo ni dalili, mzee. Ugonjwa bado hatujaujua."

Ndugu yangu, hapo ndipo darsa ya leo ilipoanza, na wala mwalimu hakujua kwamba anafundisha.

Hakugusa mtungi wa gesi kabisa. Alianza na vitu vya bei rahisi. Akawasha AC akatazama kama feni ya mbele inazunguka. Inazunguka. Akabonyeza mkanda wa kompresa kuona kama umelegea. Haujalegea. Akachomoa filta ya hewa ya ndani, ile ya nyuma ya kiboksi cha dashibodi. Imejaa vumbi mpaka imekuwa kama mkeka. Akaikung'uta, akasema ibadilishwe nikipata nafasi. Akaangalia kondensa, ule wavu uliokaa mbele ya rejeta. Umeziba wadudu na vumbi la mwaka mzima. Akaumwagilia maji taratibu mpaka ukasafika. Akawasha tena. Bado joto.

Akaniita nisikilize. Kompresa inaingia, "ta!", baada ya sekunde chache inajitoa, "ta!", inaingia tena. Akasema kuna swichi ya kuilinda. Gesi ikiwa kidogo inaikata, ili isizunguke bila mafuta ikafa.

Ndipo akaleta geji, ile yenye saa mbili, ya bluu na nyekundu, akaunganisha gari likiwa limezimwa. Akanieleza kwamba joto la nje likiwa nyuzi 30 hivi, mfumo wenye gesi ya kutosha aina ya R134a, ambayo ndiyo ya gari langu, unasoma karibu psi 95 mpaka 100 pande zote mbili. Yangu ilisoma 50.

"Gesi kweli imepungua, mzee."

Nikasema, "Si nilikwambia? Haya, jaza."

Akaniangalia. Akauliza, "Umeshajaza mara ngapi?"

"Hii itakuwa ya nne."

"Mzee, gesi ya AC haiishi."

*Gesi inazunguka tu*

Nikamuuliza ana maana gani, akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. AC haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani ya gari na kwenda kulimwaga nje. Kompresa inaikandamiza gesi mpaka inakuwa ya moto. Ikifika kwenye kondensa mbele, upepo unaipoza na inageuka maji. Maji yale yanapitishwa kwenye kitundu chembamba cha valvu, mgandamizo unashuka ghafla, na hapo inakuwa ya baridi kali. Inaingia kwenye koili iliyo nyuma ya dashibodi, inafyonza joto la mle ndani mnamokaa, halafu inarudi kwa kompresa kuanza upya. Gesi ni ileile, inazunguka. Haichomwi kama dizeli, wala haitumiki ikaisha kama sabuni.

"Kwa hiyo ikipungua," akasema, "usiseme imeisha. Sema inavuja. Aliyekujazia alikwambia inavuja wapi?"

"Hakuniambia."

"Na wewe ulimuuliza?"

Ndugu zangu, nilinyamaza. Sikumuuliza. Na nikiwa mkweli kwenu, sikumuuliza kwa sababu sikutaka kujua. Kujaza ni dakika 20 na hela kidogo. Kutafuta panapovuja ni siku nzima, na huenda likatoka jambo kubwa. Nilikuwa nimeridhika kununua baridi ya muda.

Akaniambia na jambo jingine. Mafuta ya kulainisha kompresa yanasafiri ndani ya gesi hiyohiyo. Inapovuja gesi, mafuta nayo yanatoka kidogo kidogo. Ukijaza gesi kila mara bila kuziba, siku moja kompresa itakwama, na hapo ndipo utakapoijua bei. Halafu kile kinachovuja hakipotei bure. Gesi ile ikiwa angani, kilo yake moja inaipasha dunia joto zaidi ya kilo 1,000 za hewa ukaa. Mwaka 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, Rwanda, wakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Maana yake mimi nilikuwa najaza ili nipoe, na kilichokuwa kinavuja kwangu kinawaongezea wengine joto.

*Chini ya turubai*

Sasa sikiliza alivyopatafuta panapovuja.

Kwanza alitumia macho. Alisema pakivuja gesi hapaonekani kitu, ila mafuta yanayotoka nayo yanaacha unyevu, na vumbi linaganda pale. Akafuatilia mabomba kwa kidole, kiungo kwa kiungo. Palipokuwa na utando mweusi wa vumbi na mafuta akapawekea alama. Akapaka povu la sabuni. Sehemu moja ikatoa vipovu vidogo sana, tena kwa shida. Akasema hiyo peke yake haiwezi kumaliza gesi kwa wiki tatu, kuna nyingine. Akaingiza gesi kidogo pamoja na rangi maalumu, akaacha injini ikiunguruma na AC ikiwa imewashwa, akaniambia, "Kaswali adhuhuri, mzee, mimi nikifunga hapa nakufuata."

Tuliporudi msikitini akachukua turubai akafunika boneti yote iliyokuwa wazi, akaniambia niingie naye chini yake. Mle ndani kiza na joto. Akawasha kitaa chenye mwanga wa zambarau. Wallahi, pale nyuma ya kompresa, kwenye kiungo ambacho kwa juu kilikuwa kisafi na jicho langu lisingeshuku hata siku moja, pakang'aa rangi ya kijani.

Nilikuwa nimeshajiandaa kubadilisha kondensa, kwa sababu fundi wa kwanza alinitisha kwamba safari ijayo itabidi ninunue mpya. Kijana akaniambia, "Kondensa yako nzima. Zilizokufa ni oringi mbili tu, mpira umekauka." Ndugu yangu, ni vipete viwili vya mpira, kimoja ningeweza kukivaa kidoleni. Bei yake iliniaibisha.

Nikamwambia, "Ungeniambia kondensa imekufa ningelipa. Nisingejua."

Akajibu huku anafuta mikono, "Nimefunga, mzee."

Hakuongeza neno. Chini ya turubai lile hapakuwa na mtu wa kumwona isipokuwa mimi nisiyejua kitu, na Yule asiyefichikiwa na kitu. Tunaambiwa katika Suratul Baqara, aya ya 183, kwamba tumefaradhishiwa funga ili tupate taqwa. Mimi nimesikiliza darsa nyingi za taqwa. Siku ile niliiona imevaa ovaroli.

Akaivuta gesi iliyobaki akaihifadhi kwenye mtungi, hakuiachia hewani. Akabadilisha oringi, akarudishia mafuta ya kompresa. Akawasha pampu ikanyonya hewa na unyevu wote kwa zaidi ya nusu saa. Halafu akaizima, akakaa kitako akiitazama geji. Nikamuuliza anasubiri nini. Akasema, "Nasubiri kuona kama mshale utarudi. Ukirudi, bado hatujaziba." Mshale haukusogea. Ndipo, baada ya yote hayo, akajaza gesi kwa mizani, gramu kwa gramu, kama ilivyoandikwa kwenye stika ya chini ya boneti.

Kujaza kulikuja mwisho. Shika hapo.

*Swali la mama*

Nikampitia mama baada ya alasiri. Sikufika nyumbani kwa dada. Nilisimama kona ya barabara, mama akaletwa mpaka pale na mjukuu wake. Tukaondoka. Ndani ya gari baridi safi. Mama akajifunga kanga vizuri, akacheka, akasema, "Leo utanigandisha, mwanangu. Imetibiwa kweli safari hii?"

Nikasema, "Kweli, mama. Wamepata panapovuja."

Akanyamaza. Tumeshaipita Sindeni ndipo akasema, taratibu, bila kunitazama, "Na kwa dada yako, panapovuja umeshapatafuta?"

Sasa nawajibu lile swali la bajaji. Baba yetu alipofariki aliacha shamba. Tumebaki mama, mimi na dada. Hesabu yake haina fumbo, imo katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12: mama ana thumuni yake, kinachobaki mtoto wa kiume sehemu mbili na wa kike sehemu moja. Mimi nililima lote. Mwaka wa kwanza nikasema tutagawana baada ya mavuno. Mwaka wa pili nikasema dada ameolewa, mume wake ana uwezo. Mwaka wa tatu dada akauliza, nikakasirika. Tangu siku hiyo hatusemezani isipokuwa kwenye misiba. Mwaka huu ni wa nne. Kila mwezi nampeleka mama Korogwe, mama anakwenda kumsalimia binti yake, mimi nabaki kona ya barabara.

Na katika miaka yote hiyo mimi ni mtu wa safu ya mbele. Ramadhani ikiingia nalia kwenye tarawehe. Nakhitimisha msahafu. Natoa futari. Nikimaliza mwezi nasikia baridi moyoni, nasema alhamdulillah, nimesafishika. Shawwal ikifika katikati, alfajiri inaanza kuwa nzito. Ikifika Muharram mimi ni yuleyule wa zamani. Mwaka unaofuata nasema, "Imani imepungua, Ramadhani inakuja kunijaza." Mara ya kwanza ile baridi ilidumu miezi, mwaka jana haikudumu wiki tatu baada ya Idi.

Na mimi sikuwahi kuuliza inavuja wapi. Sikutaka kujua.

*Dini ilishatuambia*

Ndugu zangu, hili halikuanzia gereji. Katika Suratul Mutaffifin, aya ya 14, Allah (s.w.) anatueleza habari ya mioyo iliyofunikwa na kutu kwa yale ambayo wenyewe walikuwa wakiyachuma. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba mja akikosea huwekwa doa jeusi moyoni. Akiacha, akaomba msamaha na akatubu, moyo unasafika. Akirudia, doa linazidi mpaka linaufunika moyo wote. Angalia utaratibu wake: kuacha kumo mle ndani.

Imam Nawawi katika Riyadhus Swalihin ameyapanga masharti ya toba. Dhambi ikiwa ni baina yako na Mola wako, masharti ni matatu: uiache, uijutie, uazimie kutoirudia. Ikiwa inahusu haki ya mwanadamu, linaongezeka la nne: umrudishie haki yake au akusamehe. Wengi wetu tuna hodari wa lile la kujuta. Tunajuta mpaka machozi. Lile la nne tunaliruka, kwa sababu ndilo lenye gharama.

Na umeisikia habari ya yule muflis katika hadithi ya Muslim. Anakuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini huyu alimtukana, yule alimla mali yake, mwingine alimpiga. Wanagawiwa mema yake mpaka yanakwisha, kisha anabebeshwa makosa yao. Hukuambiwa kwamba hakuwa na amali. Alikuwa nazo nyingi, zote zikatoka kupitia kwenye haki za watu.

Na Muslim amepokea pia kwamba amali huonyeshwa Jumatatu na Alhamisi, watu wakasamehewa, isipokuwa wawili wenye uadui baina yao, hao husubirishwa mpaka wapatane. Nikahesabu Jumatatu na Alhamisi zangu. Nikaogopa.

Nisieleweke vibaya. Sikuambii uache tarawehe mpaka uzibe kwanza. Swali, soma, lia, omba msamaha, na mema huondoa mabaya, hiyo ni ahadi iliyomo katika Suratu Hud, aya ya 114. Ninachokuambia ni kwamba usiitumie tarawehe kama ile gesi yangu, ya kuninunulia baridi ili nisimuulize fundi. Ibada haikuwekwa ili itusaidie kukwepa haki ya mtu.

*Tufanye kama yule kijana*

Una siku mbili kabla ya kumi la mwisho. Fanya hivi.

*Moja, usikisie.* Swala imekuwa nzito, Qur'ani haikuingii, hasira ziko karibu, hizo ni dalili. Usikimbilie kusema "shetani tu" au "uchovu wa funga". Anza na vitu vyepesi. Pengine ni usingizi, pengine ni simu mpaka saa nane za usiku. Safisha hivyo kwanza. Kikibaki kilichobaki, jua kuna panapovuja.

*Mbili, fuata mafuta.* Panapovuja pana alama. Jina gani likitajwa unabadilisha mazungumzo? Nyumba gani unaipita upande wa pili wa barabara? Namba ya nani ikiita unaiacha mpaka ikatike? Biashara gani hupendi mkeo au mumeo ajue hesabu yake? Pale palipoganda vumbi, weka kidole.

*Tatu, ingia chini ya turubai.* Kuna ambayo mchana hayaonekani. Kiungo kinaonekana kisafi. Ndiyo faida ya usiku huu, ndiyo faida ya itikafu kwa mwenye nafasi. Wewe na Mola wako, kiza, na mwanga wa Qur'ani. Muombe akuonyeshe. Akikuonyesha, usizime taa.

*Nne, ziba.* Muuzaji, kama ni mizani, rekebisha mizani, na ukikumbuka uliyempunja umrudishie. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta maji chini, akamkemea mwenye mali kwa kuficha. Tajiri, kama ni mshahara wa kibarua uliousogeza mpaka mwezi ujao, mpe kabla ya Idi. Kijana, kama ni maneno uliyoyarusha kwenye kundi la simu juu ya mtu, rudi kundini hapohapo uyafute. Ndugu, kama ni mirathi, ita wazee.

Na mara nyingi utakuta ni oringi. Ulidhani ni jambo la kubomoa gari zima, kumbe ni neno moja la "nisamehe" lililokauka mdomoni.

*Tano, subiri mshale.* Usijitangazie ushindi siku ya Idi. Tazama Shawwal. Mshale ukirudi, tafuta tena.

*Nimalizie nilipoanzia*

Usiku ule baada ya tarawehe nilimpigia dada yangu. Hakupokea. Sikumlaumu. Nikapiga tena baada ya daku. Akapokea, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, nani amefariki?"

Hiyo ndiyo hali niliyotufikisha. Simu yangu kwake ni tanzia.

Nikamwambia hakuna msiba. Nikamwambia mama mzima. Nikamwambia, "Nataka tuje tugawane shamba, na mavuno ya miaka yote tuyahesabu." Alinyamaza muda mrefu. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Sawa, kaka. Njoo kwanza nyumbani ufuturu, hayo mengine baadaye."

Bado hatujamaliza. Jumapili ijayo wazee wanakwenda shambani pamoja na shekhe anayejua mirathi. Ya miaka iliyopita ni mengi kuliko nilivyokuwa najidanganya, na sitaweza kuyalipa kwa mkupuo. Tutaandikiana. Sikuandika haya ili mniombee sifa. Nimeandika kwa sababu najua miongoni mwenu mnaosoma hapa kuna mwenye kona yake ya barabara.

*Kazi ya leo:* kabla ya kufuturu, taja moyoni mwako panapovuja pamoja na jina la mtu anayehusika. Baada ya tarawehe, mpigie. Asipopokea, piga baada ya daku.

*Dua:* Ewe Mola wetu, Wewe unayajua yaliyofichika chini ya vifua vyetu. Tuonyeshe panapovuja kabla Ramadhani haijatoka, na utupe ujasiri wa kuziba. Tusaidie kurudisha haki za watu tungali hai, kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu. Waponye wazazi wetu wagonjwa, uwarehemu waliotangulia, na uunganishe udugu uliokatika kwa mikono yetu wenyewe. Utufikishe Laylatul Qadri hali ya kuwa hatuna tuliyemdhulumu isipokuwa tumeshamwendea. Aamin.

Funga njema. Ukiona lina manufaa, mtumie mwenzako, lakini anza na yule uliyemtaja moyoni.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.